Likizo ya Mama Iliyoishia Visiwani

Wanangu wanataka tukapande boti. Wameona kwenye simu picha za familia fulani inayocheka, kila mtu na begi lake mgongoni, leo wako kisiwa hiki kesho kile, na sasa kila jioni wananiuliza kwa nini sisi hatuendi. Nimewajibu kwamba nina kazi nyingi. Sikuwaambia kuwa juzi nilipita soko la samaki, mtu akamwaga petroli karibu na gunia la dagaa, na harufu ile iliponipanda puani nikajikuta nimesimama katikati ya njia nimekunja uso, nina hasira na baba yangu kana kwamba bado niko darasa la tatu na viatu vyangu vimelowa.

Wa umri wangu mtanielewa. Sisi hatukukuzwa na mambo ya kwenda kutembea. Likizo ilikuwa ya kupalilia, kuchota maji na kupelekwa kwa bibi. Mtu mzima akifunga safari ya siku kadhaa, kila jirani alijua kuna msiba, harusi au mgonjwa. Kwa hiyo baba alipoweka kijiko chini jioni moja na kutangaza kwamba sisi watatu tutazunguka visiwa vya ziwani kwa boti, mama alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeingia zahanati akidai ameumwa na nyoka huku haonyeshi alama.

Tuliishi Morotonga, hapo Mugumu, nyumba ya kupanga, mpapai mmoja mbele na choo nyuma. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, Mnyaturu wa Singida aliyeletwa mkoa wa Mara na barua ya ajira, akaoa hukohuko. Mama alikuwa nesi, Mkurya wa Itiryo, huko Tarime. Mdogo wangu alikuwa hajazaliwa. Maji makubwa kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni bwawa la Manchira, ambako baba alinipeleka siku moja akanieleza habari za mvuke na mawingu hadi nikasinzia nimesimama. Hakuwa mtu wa vituko. Likizo zake zote alizimaliza akisahihisha mitihani, akikaza waya za uzio na kusikiliza redio.

"Tutafanya kama wazungu," alisema.

"Wazungu gani?" mama aliuliza.

"Hawa wanaopita Mugumu kwenda hifadhini. Baba, mama na watoto, kila mmoja na begi mgongoni, wanaiona dunia. Sisi ziwa liko pale na hatujawahi kukanyaga hata kisiwa kimoja."

"Likizo hii nimeisubiri mwaka mzima. Nilitaka kulala."

"Utalala kwenye boti."

Mama alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalirudisha kwenye sahani bila kulila. Ndipo baba akaongeza, bila kumwangalia mtu, "Na mama yako anakuja."

Hapo lazima nieleze jambo moja. Kwa Wakurya, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai pamoja. Wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Bibi yangu, Bibi Ghati, akija kwetu hakuingia sebuleni baba akiwemo, na baba akienda Itiryo alisalimia kutoka getini macho yakiwa chini. Kuwaweka wawili hao kwenye boti moja, goti kwa goti, lilikuwa jambo la aibu ambalo mama hakuweza hata kulitamka. Siku iliyofuata alimpigia bibi simu, nikiwa karibu, nikasikia sauti ya bibi ikitoka kwenye simu wazi kabisa.

"Siwezi kukaa nyumbani niletewe habari kwamba mmezama," bibi alisema. "Kama mnazama, nione kwa macho yangu."

Basi tukaondoka. Baba aliazima begi kubwa kwa mwalimu mwenzake, kamba moja ikiwa imekatika, akaunganisha kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Mama na mimi tulibeba mabegi ya shule. Bibi alipoletewa la kwake alilishika kwa vidole viwili, akaliweka chini. Alikuwa na furushi lake la kitenge, ndani yake unga wa ulezi, sufuria ndogo na nguo za kubadilisha, na alilibeba kichwani tangu Mugumu hadi Musoma na kutoka Musoma hadi kisiwa cha mwisho. Hata ndani ya boti alikaa nalo kichwani, shingo imenyooka, kama vile boti nayo ni njia ya kwenda kisimani.

Siku ya kwanza pwani ya Musoma nililia. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba visiwa vinaelea, kwamba tukichelewa tutakuta kisiwa chetu kimeshaondoka. Baba alichuchumaa na kunieleza habari za miamba iliyo chini ya maji. Sikumwamini, lakini boti ilikuwa imejaa na mama alikuwa ameshanishika mkono kwa nguvu inayosema usinianze na wewe.

Ilikuwa boti ya mbao ya abiria na mizigo, kreti za soda katikati, injini moja nyuma. Bibi alikaa mbele kabisa, mgongo umeelekea watu wote. Baba alikaa nyuma kabisa, jirani na injini, akimezwa na moshi. Mama alikaa katikati akiwa amefumba macho. Na mimi nikafanywa simu.

"Wewe," bibi aliita tulipokaribia kisiwa cha kwanza. "Muulize baba yako kama ameuliza."

Nikapita juu ya kreti na miguu ya watu hadi nyuma. "Baba, bibi anauliza kama umeuliza."

"Mwambie bado. Tukishuka nitauliza."

Nikarudi mbele. "Anasema bado."

Bibi akaguna.

Tuliposhuka, baba alitua begi, akatuacha kwenye mchanga na kwenda kwa mwenyekiti wa mwalo, pale boti zinapofikia, na baada ya hapo nikamwona akienda kibanda kwa kibanda, akisimama, akiongea, akionyesha kwa mkono kimo cha kitu fulani. Alirudi amechoka. Asubuhi yake tukaondoka. Kisiwa cha pili ikawa vilevile. Bibi: muulize baba yako kama ameuliza. Baba: mwambie nimeuliza, si hapa. Nilikuwa mtoto mwenye akili, na nililiunganisha jambo hilo mwenyewe bila kusaidiwa. Baba yangu, mwalimu wa jiografia, alikuwa amepotea njia. Hakujua tunakokwenda. Bibi alikuwa ameligundua hilo, na baba hakutaka mama ajue.

Nilimwonea aibu isiyosemeka. Mtu ana ramani nne ukutani, amenikalisha Manchira saa nzima kwa ajili ya mvuke, halafu anauliza njia kwa wauza dagaa.

Visiwa vyenyewe nilivipa majina. Cha kwanza nilikiita Kunguni, kwa sababu ya gesti tuliyolala, chumba kimoja cha mabati, baba akalala nje kwenye benchi kwa heshima ya mama mkwe na asubuhi shingo yake ikawa haigeuki. Cha pili nilikiita Moshi. Tulipokikaribia tuliona kitu cheusi kimesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, nikafikiri kuna ajali, kumbe ni wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, maelfu kwa maelfu. Wingu lile lilitujia likatufunika. Waliingia masikioni, puani, kwenye chai. Mama alifungua mdomo aseme neno na akalazimika kutema.

Chakula kilikuwa samaki, asubuhi na jioni samaki, na bibi hakula samaki. Alisema kitu kinachoishi bila kufumba macho hawezi kukitia mdomoni. Kila tulipofika alitafuta mafiga matatu, akawasha moto wake mwenyewe, akapika uji wa ulezi na kuunywa akiwa ameelekea upande mwingine. Wanawake wa kambini walimpelekea mboga. Alishukuru, akawauliza maswali kwa sauti ya chini, kisha akaniita. "Muulize baba yako."

Kati ya kisiwa cha pili na cha tatu injini ilizima. Jua lilikuwa utosini. Mwenye boti alivuta kamba ya injini mara nyingi hadi viganja vikachubuka, akafungua kitu, akakipuliza, akakifunga, akavuta tena. Tukaelea. Mbao zilikuwa za moto. Mama mmoja muuza nyanya aliyekaa mbele ya baba alitutazama kwa muda mrefu, mabegi yetu, kamba ya ng'ombe, bibi na furushi lake.

"Mnaenda msibani?" alimuuliza baba kwa upole.

"Hapana, mama. Tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Tunatembea tu."

Yule mama akamgeukia mama yangu na kumpa pole. Ndipo mama, ambaye kwa siku tatu alikuwa amejizuia, alipogeuka kikamilifu kumtazama mumewe kupitia vichwa vya watu.

"Mwalimu," alisema, taratibu, kwa sauti yake ya zahanati, "kama umechanganyikiwa niambie. Mimi ni nesi. Sitakucheka. Kuna dawa."

Watu walitazama maji. Baba akafuta jasho kwa mkono na kusema injini itawaka sasa hivi. Iliwaka baada ya saa mbili, na katika saa hizo mbili hakuna aliyezungumza tena isipokuwa bibi, aliyetaka nikamuulize baba kama amemuuliza na mwenye boti. Nilikataa kwenda. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba nimechoka kupita juu ya kreti. Bibi alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona midomo yake imepasuka na macho yake mekundu, nikafikiri ni jua.

Kisiwa cha nne kilikuwa cha mawe, mawe makubwa yaliyobebana, na kambi ya wavuvi imejibana kwenye kipande cha mchanga. Tulifika asubuhi ya siku ya tano. Baba alikwenda kuuliza, akarudi, akaenda tena. Alasiri mama alinituma ziwani nikasugue sufuria, nami nikazunguka nyuma ya mawe ili nisionwe na watoto wa pale, waliokuwa wanatufuata wakituita watu wa mabegi.

Nyuma ya mawe kulikuwa na mtumbwi umepandishwa juu ya magogo, na mwanamume mrefu anauziba. Alikuwa anasokota pamba, anaisukuma kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu, anaigonga kwa nyundo, tok tok, anasogea.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Usiikanyage hiyo pamba."

Nikachukua mchanga nikaanza kusugua. Baada ya muda akaniuliza, "Nyie ndio wale wa mabegi?"

"Ndiyo."

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu. Tunatembea." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mzima nisiyemjua na nilikuwa nimebeba siri ile siku tano, nikaitua yote. "Ukweli ni kwamba baba amepotea. Kila kisiwa anauliza njia, na hataki mama ajue. Na yeye ni mwalimu."

"Wa somo gani?"

"Jiografia."

Alicheka hadi akaweka nyundo chini. Kilikuwa kicheko kizuri, kutoka tumboni, na mimi nikacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Musoma.

"Na yule mama mzee niliyemwona kwa mbali," alisema akijifuta macho, "anayetembea na furushi kichwani?"

"Ni bibi. Anatoka Itiryo. Hali samaki."

Kicheko kikakatika. Aliichukua nyundo akaanza kugonga mahali palepale alipokuwa ameshamaliza.

"Bibi yako anaitwa nani?"

"Bibi Ghati."

"Amepanda boti? Mwenyewe?"

"Ndiyo. Anakasirika kila siku."

"Hilo halijaanza leo," alisema, halafu akaitazama pamba mkononi. "Anaumwa?"

"Magoti tu."

Aligonga tena, mara tatu, nne. "Sikiliza, mtoto mzuri. Usiseme umeniona."

"Kwa nini?"

"Watoto hawatakiwi kufika huku. Kuna misumari. Watakugombeza."

Nilimwona mtu mwema, anayenikinga na viboko. Nikaahidi.

Asubuhi ya siku ya sita tulipanda boti ya kurudi Musoma. Bibi mbele, baba nyuma, mama katikati. Wavuvi wawili walikuwa wameshaisukuma boti kwenye maji. Bibi akaniita, na safari hii hakugeuka, alisema akiwa ametazama ziwa.

"Muulize baba yako kama aliuliza kote."

Nikapita juu ya mizigo. "Baba, bibi anauliza kama uliuliza kote."

Baba alikuwa ameinamia begi lake. "Mwambie nimeuliza kote. Hayupo."

Nikageuka niende, nikasimama. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba njia haisemwi hayupo. Njia ingekuwa haipo. Hayupo ni mtu.

"Nani hayupo?" niliuliza.

Mama akafumbua macho. "Eee, mwalimu," alisema. "Nani hayupo?"

Baba alimtazama bibi, mgongo wa bibi, na ule mgongo haukumsaidia. "Mwita," alisema.

Jina hilo nilikuwa nimelisikia nyumbani kwetu mara moja tu, siku mama alipofunga mlango na kulia. Mwita alikuwa kaka yake, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi. Babu alitaka abaki na ng'ombe, aoe, ashike boma. Mwita alitaka kwenda machimboni kwenye dhahabu kama vijana wengine. Waligombana mbele ya watu, na Mwita akatamka neno ambalo kwetu mtu halitamki: "Hata ukifa sitakuja kukuzika." Akaondoka. Babu akapiga marufuku mtu yeyote kumtafuta au kumtaja. Ikasemekana ametoka machimboni ameingia ziwani. Kisha babu akaugua, mama akaomba ruhusa kazini akaenda kumuuguza, na babu akafa. Walimsubiri Mwita siku mbili, maiti ikiwa ndani. Hakuja. Tangu hapo mama aliapa kwamba hana kaka.

Bibi alipotaka kumtafuta, hakukuwa na wa kumwomba. Wanaume wa ukoo wasingekwenda, na bintiye angekataa. Akabaki na mkwewe, mgeni wa Singida, mtu ambaye hakupaswa hata kumtazama usoni. Walipanga kwa simu, kwa sababu kwenye simu hakuna uso. Baba ndiye aliyebuni habari za wazungu na mabegi. Alikubali kuonekana mjinga kwa siku sita mbele ya mkewe, mtoto wake na kila abiria wa ziwa lile.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu uso wa mama umebadilika rangi, nikafikiri nimeharibu jambo, na nilipofikiri hivyo nikaliharibu kabisa.

"Kuna mtu kule nyuma ya mawe anaziba mtumbwi," nilisema. "Alisema nisiseme."

Bibi aligeuka. Hakuniuliza chochote. Alisimama, furushi kichwani, akainua mguu juu ya ukingo wa boti na kushuka ziwani, yeye ambaye alikuwa hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu. Maji yalimfika kiunoni. Mwenye boti alipaza sauti. Bibi alitembea, kitenge kikimwelea pande zote, hadi mchangani, na hakutazama nyuma. Baba akaruka. Mama akaruka akiwa amenishika mkono, hivyo nami nikaruka. Boti ilisubiri kidogo, kisha ikaondoka na kutuacha.

Pale kambini Mwita aliitwa Fundi Pamba. Ndiyo maana baba alipouliza jina la Mwita kila mtu alitikisa kichwa, na waliolijua walikaa kimya kwa kuwa alikuwa mwenzao. Tulimkuta amesimama kando ya mtumbwi, amesikia maji yakipigwa, hana pa kukimbilia, maana nyuma yake ni ziwa.

Walizungumza Kikurya. Nilielewa nusu, nusu nyingine mama alinipa miaka mingi baadaye.

"Umekonda," bibi alisema.

Mwita aliweka nyundo chini.

"Baba yako tumemzika. Nimekuja kukuambia mwenyewe, kwa sababu hukuambiwa."

"Niliambiwa, mama."

Bibi alikuwa anatua furushi. Mikono yake ikasimama juu.

"Nilisikia siku ya pili," Mwita alisema. "Nikavuka, nikapanda gari hadi Tarime. Nikakaa stendi toka asubuhi. Nikawaona watu wa nyumbani wanapita. Niliogopa wataniuliza ndiyo unakuja sasa. Gari la mwisho la kurudi likaita abiria, nikapanda."

Bibi aliketi kwenye gogo. Alikuwa amekuja na kitu kimoja cha kumpa, kwamba hana kosa kwa kuwa hakujua, na kitu hicho kikawa hakimtoshi tena. Nilimwona anakitafuta kingine na hakipati.

"Ulisema hutamzika," mama alisema, "na hukumzika. Una neno moja. Hongera."

"Robhi, nyamaza," bibi alisema.

"Sinyamazi. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani miezi minne. Kila mlango ukigongwa anauliza ni nani. Aliyekataza jina lake lisitajwe, kila mlango ukigongwa anauliza ni nani. Na huyu alikuwa stendi."

Mwita alifunika uso kwa mkono wenye pamba. Mama aligeuka akaondoka kuelekea pwani, nami nikamfuata, kwa sababu hakuna aliyeniambia nifanye nini.

Tulikaa kwenye mchanga siku nzima tukisubiri boti ya alasiri. Baba alikuja akasimama mbele yetu, suruali imelowa, begi limemshinda.

"Likizo yangu, mwalimu," mama alisema.

"Ningekuambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Ndiyo hivyo."

"Usiniambie ndiyo hivyo. Umenilisha wadudu."

Baba akaketi, lakini si karibu sana.

Kule juu bibi alikuwa ameingia kibandani kwa Mwita. Nilitumwa kumwita mara mbili na mara zote mbili nilimkuta anafanya kazi. Alifagia. Alitoa godoro akalianika juani, akalipiga kwa fimbo kwa hasira. Alisonga ugali wa ulezi akamwekea mwanawe, akakaa kumtazama anavyokula, na Mwita alikula ameinamisha kichwa, machozi yakidondoka kwenye mkono. Boti ilipopiga honi, bibi alimwambia maneno machache mlangoni. Mwita akatikisa kichwa. Bibi hakumbembeleza.

Niseme hapahapa ili msibaki mkisubiri: Mwita alikuja Itiryo mwaka uliofuata, mchana, kila mtu akimwona. Alikwenda kaburini peke yake, akakaa nyumbani siku mbili, akarudi ziwani. Mama alimpikia lakini hakula naye. Baadaye walikuja kupigiana simu, mazungumzo mafupi, mengi yakiwa ya kulaumiana. Sijui kama huko ndiko kusameheana. Kwao ilitosha.

Lakini alasiri ile tuliondoka bila yeye. Boti ilikuwa na nafasi, na bibi hakwenda mbele. Aliketi katikati, ubavuni kwa mama, nguo bado zina unyevu. Mama alivumilia hadi mawe ya kisiwa yakawa madogo.

"Siku sita, mama," alisema. "Kunguni. Jua. Umeingia ziwani na magoti yako. Umemdanganya mtoto wako mwenyewe pamoja na mume wangu. Na mtu wako amekataa kuja. Sasa umepata nini?"

Bibi alilitua furushi mapajani.

"Nilikuwa nikimuwaza sijui nimweke wapi," alisema. "Waliosema yuko machimboni, nikawa namweka shimoni. Waliosema amezama, nikawa namweka majini, na mimi maji siyajui, nikawa sioni chochote. Sasa ana kitanda. Kiko upande wa mlango. Ana redio ndogo. Paa linavuja kwenye kona ya kushoto. Nikimuwaza, namweka pale."

Injini ilikuwa inanguruma vizuri safari hii, na povu jeupe lilikuwa linatufuata nyuma.

"Umemwambia azibe hiyo kona?" mama aliuliza.

"Nimemwambia."

"Hatafanya," mama alisema, na akamsogelea bibi ili upepo usimpige ubavuni. "Huyo namjua. Hatafanya."